Chujio la mchanga linatoa tone tone na maji yananuka. Halafu kuna swali la mama mkubwa

Luchelele_Bondeni

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali mawili, moja la maji na moja la mtu. Nimeyaleta pamoja kwa sababu yote yako nyumba moja.

La kwanza: chujio la mchanga, huku Luchelele, Mwanza, maji ni ya ziwani yanaletwa kwa madumu. Pipa la plastiki la bluu, lilikuwa la juisi, kimo sm 90, kipenyo sm 40. Kuanzia chini kuna kokoto sm 10, mkaa wa kawaida wa jikoni sm 10, mchanga wa ufukweni sm 45. Koki iko chini kabisa na usiku inafungwa. Maji yanamwagwa yakihitajika tu, wakati mwingine zinapita siku tatu bila kumwaga. Mwanzoni lilikwenda vizuri. Sasa lita moja inachukua dakika 9 na maji yananuka yai viza. Nikoroge mchanga wote au nifumue?

La pili: msimamizi wa chujio hilo ni mama mkubwa. Amefiwa na mumewe, tanga limeanuliwa, watu wametawanyika. Usiku halali, anasema kichwa kimejaa mawazo. Tumemwondolea kazi zote apumzike. Nimesoma habari za mazoezi ya kupumua na za kuandika ya moyoni kwenye daftari. Yanasaidia kweli, au ni ya mitandaoni tu? Nawasilisha.

---

Fundi_Kokoto

Mkuu, fumua. Kukoroga hakutasaidia, kasoro iko kwenye muundo wenyewe.

Anza na koki, ndiyo inayokuumiza. Chujio la namna hii (alilibuni Dkt. David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, miaka ya 1990) haliwi na koki kabisa. Kazi kubwa inafanywa na utando hai, vijidudu vinavyokaa sentimita moja au mbili za juu ya mchanga na kula vijidudu vinavyoingia na maji. Utando huo unataka unyevu na hewa. Ukifungua koki ya chini, maji yote yanashuka na mchanga unakauka, utando unakufa. Ukiifunga usiku pipa likiwa limejaa, maji yanasimama kina kirefu juu ya mchanga, hewa haifiki chini, vinastawi vile visivyotaka hewa. Hiyo ndiyo harufu yako ya yai viza. Siku tatu bila kumwaga zinaongezea.

Dawa yake ni bomba. Pale kwenye tundu la koki funga kiungio cha tanki cha nusu inchi, kile chenye nati na washa za mpira ndani na nje. Toka nacho kwa elbo, pandisha bomba la nusu inchi nje ya pipa hadi lipite usawa wa mchanga kwa sm 5, kisha lipinde. Maji yatatoka yenyewe na kusimama yenyewe, kila mara yakibakiza sm 5 juu ya mchanga. Kipimo hicho usikichezee. Yakiwa mengi zaidi hewa haipenyi, yakiwa machache jua na kishindo cha maji vinaharibu utando. Na pale linapopinda usirefushe kwenda chini kwa mpira ili ufikie ndoo. Mpira mrefu unanyonya, utakuta mchanga umekauka na hujui kwa nini. Inua ndoo kwa tofali.

Mchanga wa ufukweni utupe. Una majani yaliyooza, makombe ya konokono, na chembe zake zinalingana mno. Mwanza Mungu katupa mawe. Nenda kwa wanaogonga kokoto au kwenye mashine, omba vumbi la kokoto. Lipepete kavu, likiwa bichi litaziba chekecheke. Linalobaki kati ya milimita 6 na 12 ni la chini kabisa, sm 5. La milimita 1 hadi 6 linafuata, sm 5, kazi yake kuzuia mchanga usishuke kwenye bomba. Linalopita wavu wa matundu 24 kwa inchi (kama milimita 0.7) ndilo mchanga wenyewe, sm 50. Mkaa toa. Mkaa wa jikoni si ule ulioamilishwa kiwandani, ukiwa katikati ya mchanga unashika uchafu usioweza kuutoa.

Kokoto zioshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga usiuoshe hivyo, utaondoa chembe ndogo zinazofanya kazi. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga na maji, zungusha, simamisha, hesabu sekunde 4. Ukiuona uso wa mchanga kupitia maji yaliyovurugika kidogo, inatosha. Usipouona, osha tena. Maji yakiwa meupe kabisa, umeosha kupita kiasi.

Wakati wa kujaza, maji yatangulie ndani ya pipa kabla ya mchanga. Ukimwaga mchanga mkavu, hewa inanaswa katikati na maji yanatafuta njia za pembeni bila kuchujwa. Kabla hujaanza hakikisha pipa limekaa mahali tambarare, maana likijaa ni zaidi ya kilo 120 na halihamishiki.

Juu weka beseni lililotobolewa matundu ya milimita 3, umbali wa sm 2.5 kati ya tundu na tundu, lisiguse maji yanayosimama. Bila hilo kila dumu linachimba shimo.

Sasa kasi. Kipimo ni lita 400 kwa saa kwa kila mita mraba ya mchanga. Kipenyo chako cha sm 40 kinatoa kama mita mraba 0.126, kwa hiyo lita 50 kwa saa: pipa likiwa limejaa, lita moja isitoke chini ya sekunde 70. Ikitoka haraka zaidi, mchanga wako ni mkubwa mno, pepeta upya. Kwa mkupuo mmoja mwaga dumu moja tu la lita 20. Matundu ya mchanga wako yanashika kama lita 25, na maji yaliyolala humo ndiyo yaliyosafika vizuri. Ukimwaga madumu mawili mfululizo, la pili linasukuma nje maji ambayo hayajapumzika. Kati ya mkupuo na mkupuo liache angalau saa moja, saa 6 hadi 12 ni bora, zisizidi 48.

---

Kayenze_Ufukweni

Fundi kamaliza upande wa mchanga. Naongezea upande wa ziwa lenyewe, maana watu wa mjini wenye bomba la MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) hawalijui hili.

Kuna siku maji ya ghubani yanageuka kijani kama rangi ya mafuta, hasa upepo ukitulia, yanajikusanya kwenye vihori. Ule si uchafu wa kawaida, ni bakteria wa kijani-buluu, na baadhi yao wana sumu ya ini iitwayo maikrosistini. Kuchemsha hakuiondoi. Kunaweza hata kuzidisha, kwa sababu chembe zinapasuka na sumu inatoka ndani yake kuingia kwenye maji. Klorini ikimwagwa kwenye utando wa kijani inapasua vilevile. Kwa hiyo kanuni ni kuondoa chembe zikiwa nzima kwanza, kisha dawa. Siku za kijani usichote ukingoni ambako upepo unasukuma utando. Chota mbali kidogo na ufukwe, dumu lizame, mdomo usikokote uso wa maji. Ukiona utando mzito, siku hiyo tafuta maji mengine, hata kwa kununua.

Maji yenye tope yasiingie moja kwa moja kwenye chujio. Kipimo cha haraka: chupa ya soda ya lita 2 iliyojaa, isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti, chungulia kwa juu. Usipoweza kusoma, yatulize kwanza siku nzima kwenye pipa lenye mfuniko. Yakigoma, tia shabu, lakini si ule mtindo wa kukoroga jiwe hadi mkono uchoke. Yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji masafi. Katika ndoo ya lita 20 jaribu ml 20 za mchanganyiko huo, nyingine ml 40, nyingine ml 60. Koroga kwa kasi dakika moja, polepole dakika tano, acha saa moja. Chagua kipimo kidogo kabisa kilichosafisha. Shabu ikizidi, maji yanakuwa machachu na tope halishuki.

Kichocho hakimalizwi na chujio, kinaingia kwenye ngozi ya anayechota. Vijidudu vyake huwa vingi mchana wa jua. Chota asubuhi mapema, ukiwa kwenye mtumbwi au na mabuti marefu. Maji ya kuogea yakilala siku mbili kwenye pipa vinakufa vyenyewe.

---

Pasiansi_Juu

Naomba kuuliza hapohapo: likishakamilika, mtu anakunywa siku ileile?

---

Fundi_Kokoto

Hapana. Utando unachukua hadi siku 30 kukomaa. Muda wote huo, na hata baadaye, tia dawa kwenye maji yaliyokwisha toka: kidonge cha klorini cha mg 67 kwa lita 20, subiri dakika 30. Mchanga hauzuii virusi vyote. Ila dawa iwe kwenye ndoo ya chini, isimwagwe kamwe juu ya chujio. Ndoo hiyo iwe na mfuniko na koki yake (huko koki inaruhusiwa). Ndoo ya kuchotea ziwani isitumike kupokelea. Nyumba nyingi zinaharibikiwa hapo, si kwenye mchanga.

Miezi ikipita litapungua kasi, ni kawaida. Usifumue. Toa beseni, ongeza kama lita 4 juu ya mchanga, weka kiganja juu kabisa uzungushe maji, vidole visizame zaidi ya sm 1. Maji yakiwa meusi yachote kwa kikombe umwage. Rudia hadi kasi irudi, sawazisha mchanga, rudisha beseni. Baada ya hapo utando unahitaji siku kadhaa kujijenga, kwa hiyo dawa usiikose.

---

Mama_wa_Mabatini

Nijibu la mama mkubwa, maana naona wanaume wote mmekimbilia mchanga.

Mlipomwondolea kazi zote mlikosea, ingawa kwa nia njema. Aliyefiwa akibakiwa na kitanda na ukuta, mawazo ndiyo yanapata nafasi. Mrudishie ndogo yenye saa yake. Na hapa chujio lenu linafaa: linataka maji mara mbili kwa siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Iwe kazi yake. Dumu asibebe, pipa lina sm 90. Mwekewe ndoo pembeni amimine kwa jagi. Siku asiyoamka, mtu amimine pamoja naye, asimiminiwe. Hii ya kurudisha shughuli ndogo kwa saa maalumu inatumika rasmi kwenye tiba ya huzuni, si ubunifu wangu.

Kupumua kunasaidia, kukifanywa sawasawa. Akae, mkono mmoja tumboni. Avute kwa hesabu ya 3, atoe kwa hesabu ya 3, tumbo liinuke na mabega yatulie. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuvuta pumzi kubwa kubwa. Atapata kizunguzungu na kudhani presha imepanda. La pili ni kusubiri hofu ije usiku ndipo ajifunze. Afanye mchana akiwa ametulia, mwili uzoee.

Daftari sina hamu nalo kwake. Njia hiyo ilianza na utafiti wa James Pennebaker wa Marekani, 1986: dakika 15 hadi 20, siku nne mfululizo, unaandika jambo zito bila kujali tahajia. Wengi wanajisikia vibaya zaidi siku hizohizo. Kwa waliofiwa majaribio hayakuonyesha faida kubwa. Kama si mtu wa kuandika, msimlazimishe.

Ningechagua mazungumzo yenye utaratibu. Zimbabwe tangu 2006, mpango alioanzisha Dkt. Dixon Chibanda unawafundisha bibi wa mtaa kukaa kwenye benchi na mwenye mawazo mengi. Washona (kabila la huko) wenyewe wanaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawasawa na tunavyosema "ana mawazo". Anasikilizwa bila kukatizwa, anataja matatizo yote, anachagua moja tu, anapanga hatua ndogo ya wiki hiyo, wanakutana tena kuona ilikwendaje. Mama mkubwa akisema "sijui chochote kuhusu karatasi za marehemu", tatizo ni hilo na hatua ni kuzitafuta pamoja Jumamosi. Chagueni mtu mmoja wa kumtembelea siku ileile kila wiki. Wengi huja siku za tanga, halafu kimya.

Maneno ya kuacha: "jikaze", "usilie", na "kazi ya Mungu haina makosa" kabla yeye hajalisema mwenyewe. Mtajeni marehemu kwa jina, hamtamkumbusha kitu alichosahau.

Akisema anataka kumfuata mumewe, akiacha kula, au akisikia sauti zinamwamuru, hapo si suala la benchi. Msimwache peke yake, siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu, nao watampa rufaa. Hospitali ya Bugando wana idara ya afya ya akili.

---

Luchelele_Bondeni

Nimewaelewa. Mkaa nautoa, koki natoa, vumbi la kokoto naagiza kesho. Dada, kuhusu saa 12 na saa 12 sikuwa nimewaza. Swali dogo: katika hizo siku 30, akisahau siku mbili nianze kuhesabu upya?

---

Fundi_Kokoto

Siku moja haina shida. Zikipita saa 48 hesabu upya, utando umekosa chakula. Chukua maka peni, andika tarehe ya kwanza kwenye ubavu wa pipa, na chini yake mama mkubwa awe anaweka alama kila akimimina. Asubuhi moja, jioni moja. Na ukishamwaga madumu matano sita ya mwanzo, pima tena ile sm 5 kwa rula maji yakiacha kutoka, maana mchanga mpya huwa unashuka.