Mjadala: Kujitolea kwa wanafunzi wa bweni kuwe lazima au hiari?

Mzazi (mwanzisha mada): Shule ya bweni anayosoma mwanangu imeleta pendekezo: kila mwanafunzi atimize saa 40 za kujitolea kwa jamii kabla ya kuhitimu, la sivyo cheti cha shule hapati. Najua si jambo geni. Ontario kule Kanada wanadai saa hizohizo 40 tangu 1999, na jimbo la Maryland, Marekani, liliweka 75. Lakini kujitolea kwa lazima ni kujitolea gani? Karibuni.

Mwalimu wa bweni: Mzazi, hoja yako ilishafika mahakamani. Mji wa Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wazazi walidai kwamba saa 60 zilizowekwa na shule ni utumwa uliokatazwa na katiba. Mahakama ya rufaa iliwagomea mwaka 1993. Hisabati nayo ni lazima, mbona hatuiiti utumwa? Mtoto wa kutwa anapita kwa jirani mgonjwa kila siku. Wa kwangu anaamshwa kwa kengele, analishwa kwa kengele, analazwa kwa kengele, muhula mzima ndani ya uzio. Nisipompangia, huyo jamii ataijulia wapi?

Mwanafunzi wa zamani: Mwalimu, shikamoo, ila hapo umeruka jambo. Kwetu ukichelewa mstarini, unafyeka. Ukipiga kelele usiku, unadeki choo. Halafu Jumamosi unapandishwa basi ukafyeke zahanati, unaambiwa hiyo sasa ni huduma kwa jamii. Fyekeo ni lilelile! Nani ataipenda?

Na hayo ya saa ndiyo yanaharibu kabisa. Tulipelekwa kupaka rangi shule ya chekechea. Nikiwa nasugua ukuta nikakwangua kwa ukucha: juu kijani, chini yake maziwa, chini tena bluu. Yaani kila kundi lililokuja lilipaka, likapiga picha, likasainiwa fomu, likaondoka. Mwalimu wa pale alikuwa anatuangalia tu. Nilipokwenda msalani nikakuta mlango umeng'oka, umeegemezwa kwa jiwe. Bawaba mbili na skrubu, kazi ya nusu saa. Lakini nusu saa haijazi fomu, na hakuna aliyemuuliza yule mwalimu anahitaji nini. Hata International Baccalaureate, ule mtaala wa kimataifa wa sekondari, waliokuwa wakidai saa 150, waliachana na kuhesabu saa.

Mzazi mwingine: Kijana kasema kweli tupu. Niongeze mfano wa bweni lililopatia. Atlantic College, Wales, ilifunguliwa 1962 kwa fikra za Kurt Hahn, mwanaelimu mzaliwa wa Ujerumani, na wanafunzi wake walishika zamu za uokoaji baharini. Anayezama hajali umebakiza saa ngapi kwenye fomu. Boti zao za awali hazikufaa, wakahangaika na mkuu wao, Desmond Hoare, mpaka wakapata ile ya mpira yenye sakafu ngumu, ambayo waokoaji wanaitumia hadi leo. Hataza yake iliuzwa kwa RNLI, taasisi ya uokoaji ya huko, kwa pauni 1.

Mwalimu wa bweni: Sawa, ila mimi sina bahari. Nina basi moja, walimu wawili wa zamu na watoto mia tatu. Mmoja akiumia huko nje, simu inapigwa kwangu.

Mzazi (mwanzisha mada): Ndiyo maana wasitoke mia tatu. Watoke kumi, walewale, mahali palepale, mwaka mzima, baada ya kuwauliza wenyeji kinachowakwaza. Kwa mpango huo hata lazima naimeza. Kwenye kikao nitapendekeza hivyo, pamoja na kufuta kufyeka kwenye orodha ya adhabu.

Mwalimu wa bweni: La kwanza nakuunga mkono. La pili walimu wa zamu tutalipinga, mimi wa kwanza. Uwanja atafyeka nani?

Mwanafunzi wa zamani: Si mjitolee, mwalimu 😂