Mjadala: Mwanafunzi asiyeona aachwe apotee, au ashikwe mkono hadi mlangoni?

Mleta mada:

Nafundisha wanafunzi wasioona uelekeo na mjongeo, yaani kutembea wenyewe kwa fimbo nyeupe. Mimi pia sioni, tangu utotoni. Hoja yangu najua wengi wataikataa: mwanafunzi ambaye hajawahi kupotea akajitafutia njia, bado hajajifunza kutembea. Amezoea kuongozwa tu.

Shuleni kwetu nukta nundu, yaani maandishi ya kusoma kwa vidole, tulifundishwa vizuri sana. Kutembea, hapana. Kila mmoja wetu alipewa mwenzake mwenye uoni hafifu, akamshika bega, na ndivyo tulivyokwenda bwenini, darasani na msalani miaka yote. Nilimaliza shule nikisoma kitabu chochote unachoniwekea mkononi, lakini getini siwezi kutoka. Siku yangu ya kwanza ya kujitegemea nilikaa chumbani hadi jioni nikisubiri mtu wa kunipeleka msalani. Aibu ile sijaisahau.

Sasa huyu hapa mwanafunzi wangu mmoja, asubuhi, anatoka darasani kwenda maktaba. Jua linampiga mgongoni. Anatakiwa akunje kushoto, lakini anakunja kulia. Mimi niko nyuma yake hatua kumi, namfuata kwa mlio wa fimbo. Mlio unabadilika, saruji imekwisha, anagonga nyasi. Anasimama. Ananiita, sijibu. Kimya kinakuwa kirefu mpaka moyo unaniuma. Kisha namsikia akijisemea: "Jua liko shavu la kulia. Lilitakiwa liwe la kushoto." Anageuka. Ningemwambia "umekosea, rudi", asingelijua jua hadi leo.

Mzazi:

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, lakini mimi ni mama. Binti yangu ana miaka 11. Fimbo inapapasa chini tu. Haimwonyeshi tawi lililoinama wala kioo cha lori lililoegeshwa. Ameshawahi kurudi na jeraha kwenye paji la uso, na fimbo alikuwa nayo mkononi. Magari ya umeme nayo hayasikiki. Halafu wewe mwenyewe huoni: gari likija, utamwokoaje?

Na jambo jingine. Hiyo mbinu ya fimbo ndefu aliianzisha Richard Hoover mwaka 1944 kwa ajili ya askari wa Marekani waliopofuka vitani. Wale walikuwa watu wazima, dunia walishaiona kwa macho. Mwanangu hajawahi kuona barabara. Mnampimaje kwa kipimo cha askari?

Mwalimu wa darasa:

Mimi nauliza tu, ni saa ngapi? Ratiba imejaa, na hakuna mtihani unaouliza kama mtoto anaweza kufika maktaba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 24 unataja uelekeo na mjongeo pamoja na nukta nundu. Kwenye ratiba yangu nukta nundu ipo. Hiyo nyingine haipo.

Mleta mada:

Mama, la askari umelisema kweli, na ndiyo sababu nataka tuanze mapema, si tungoje. Askari aliijua njia panda kabla hajapofuka. Mtoto aliyezaliwa haoni hajui hata kona ni nini mpaka aizunguke kwa mkono. Namwanzishia mezani kwa uzi na visanduku: huu uzi ni njia, hiki kisanduku ni nyumba, pitisha kidole. Fimbo nayo ina mdundo wake: mguu wa kulia ukitangulia, ncha inagusa kushoto, pale mguu wa kushoto utakapokanyaga. Mtoto anaushika mdundo huo haraka kuliko mtu mzima.

Tawi na kioo cha lori, kweli fimbo haivioni. Namfundisha kuinua mkono mbele ya uso anapohisi kuna kitu, ila majeraha mengine yatatokea. Siwezi kukuficha hilo.

Magari ya umeme: katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021 magari mapya ya aina hiyo lazima yatoe sauti yakienda polepole. Si kila mahali pana sheria hiyo, kwa hiyo sikio peke yake halitoshi, na kuomba msaada wa kuvuka ni stadi ninayoifundisha kabisa. Barabarani simwachi. Nasimama naye bega kwa bega, na mwenzangu anayeona yuko nasi. Kupotea ninakokusema kunaanzia ndani ya uzio.

Anza nyumbani. Mwambie akuletee kitu kutoka upande wa pili wa uwanja, halafu usimwelekeze. Yeye atafika. Kazi ngumu itakuwa yako, ya kunyamaza.

Mzazi:

Nitajaribu Jumamosi, geti likiwa limefungwa. La barabara bado sijakubali, Mwalimu.