Naombeni ushauri: darasa la Kiingereza la kanisani, wanafunzi wananikimbia

Mleta uzi

Bwana asifiwe wanajamvi, na salamu kwa wasio wa imani yangu pia.

Nafundisha kwa kujitolea. Kanisa letu lilifungua darasa la Kiingereza la bure kwa watu wazima, wengi wao wahamiaji wa dini mbalimbali. Tangazo lilisema "Jifunze Kiingereza bure", basi. Kumbe dakika 30 za mwisho ni Neno na maombi. Tulianza na watu 22, sasa wamebaki 9, na hao 9 wameshaikariri ratiba: ikikaribia ile nusu saa, mara simu inaita, mara mtoto anaumwa.

Wiki iliyopita niliandika ubaoni Zaburi ya 23 kwa tafsiri ya King James: "The Lord is my shepherd, I shall not want." Mama mmoja akasoma vizuri tu, halafu akauliza, "Mwalimu, kama ni mchungaji wake, mbona hamtaki?" Darasa zima likanikodolea macho. Nikaeleza weee, nikazidi kuvuruga. Wakati wa kutoka akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini: "Hapa ni shule au ni kanisa?"

Mzee wa kanisa anasema niendelee tu, mbegu inapandwa. Mimi nafsi inanisuta. Nikifute kipindi cha Neno au nifanyeje? Nawasilisha.

Kalamu Butu

Mkuu, hao hawalikimbii Neno, wanakimbia kushtukizwa. Anza na tangazo.

Mama Ubao

Mwalimu mwenzangu, swali la huyo mama ni zuri kuliko unavyodhani. Tafsiri hiyo ni ya mwaka 1611, na zamani hizo "want" ilikuwa na maana ya kupungukiwa. Ndiyo maana Biblia yetu inasema "sitapungukiwa na kitu". Mwanafunzi wa leo anajua "want" ni kutaka, basi amesoma sawasawa na alivyofundishwa! Ukienda Marko 10:14 utakutana na "suffer the little children", naye atadhani Yesu anaagiza watoto wateswe, kumbe ni "waacheni". Kiingereza hicho ni kitamu kwa aliyekulia ndani yake. Kwa anayeanza ni mtego.

Tafuta tafsiri nyepesi. Good News, iliyokamilika mwaka 1976, inatumia Kiingereza cha kawaida, na hata wanaokijua kama lugha ya pili wanakimudu. Ipo pia Bible in Basic English, iliyokamilika mwaka 1949, yenye maneno kama 1,000 tu. Mimi hiyo siipendi sana, maana kwa kukwepa maneno sentensi zake wakati mwingine zinazunguka mno.

Ila tafsiri si ugonjwa wako mkubwa. Maliza kipindi chote cha Kiingereza, funga kitabu, futa ubao, kisha sema wazi: "Darasa limekwisha. Anayependa kubaki tusome Luka, karibu. Anayekwenda, tuonane kipindi kijacho." Na umaanishe. Usije ukawa unamchangamkia zaidi aliyebaki, wala kumsahihishia daftari wa kwanza. Wanafunzi wanaona hayo yote.

Mtumishi wa Shambani

Naona tunaogopa watu kuliko Mungu. Kanisa si shirika la misaada. Ukiondoa Neno umebaki na nini?

Kalamu Butu

Hakuna aliyesema aliondoe, mtumishi. Paulo alishona mahema, Matendo 18, na aliyenunua alipata hema kweli. Halikuwa kitambaa cha kumvutia mteja ahubiriwe.

Mpita Njia

Mimi ni Mwislamu, nimejifunza Kiingereza kwenye darasa kama hilo kwa miaka miwili. Mwalimu alituambia siku ya kwanza: sisi ni Wakristo, ndiyo sababu tunafanya hivi, na baada ya darasa kuna kusoma Biblia kwa hiari. Sikuwahi kubaki hata mara moja, na hakuninunia. Siku nilipofiwa ndiye aliyekuja kukaa nami. Hapo ndipo nilipomuuliza mwenyewe habari za imani yake, tukaongea mpaka usiku.

Kilichonikera ni mwalimu wa zamu aliyetupa zoezi la sarufi lenye sentensi "I believe that Jesus is Lord", turudie kwa sauti mmoja mmoja. Kumtamkisha mtu imani asiyoishika, eti anajifunza kitenzi, ni kumdhalilisha. Ningekufanyia wewe hivyo na shahada yetu ya Kiislamu ungejisikiaje?

Mtumishi wa Shambani

Hilo la kutamkisha nakubali, si sawa.

Mama Ubao

Ahsante Mpita Njia. Mtumishi, mkumbuke Frank Laubach, mmisionari Mmarekani. Mwaka 1930 alikuwa kwa Wamaranao wa kisiwa cha Mindanao, Ufilipino, Waislamu, akiwafundisha kusoma kwa lugha yao wenyewe. Fedha za walimu zilipokatika, aliyejua alimfundisha mwenzake na kazi ikaendelea. Kitu kisicho na faida kwao wasingejisumbua nacho.

Mleta uzi

Nimesoma yote, nimeumia na kupona. Mzee amekubali tubadilishe tangazo, japo kwa kuguna. Jana niliwaomba radhi wanafunzi kwa kutowaambia mapema. Baada ya darasa wakabaki watatu. Yule mama aliondoka, ila alisimama mlangoni akaomba kitu kimoja: tufundishe kujaza fomu ya hospitali, maana huwa anamtegemea mwanawe wa miaka 10 amsemee hata yale ya siri.

Mama Ubao, fomu ya mazoezi naitoa wapi?

Mama Ubao

Itengeneze mwenyewe. Jina, tarehe ya kuzaliwa, wapi panauma, tangu lini, dawa unazotumia. Halafu wewe uwe mgonjwa, yeye awe nesi akuhoji. Na maswali ya siri wafanye wanawake peke yao, we kaa nje.