Lady Macbeth anaanza kuvunjika wapi hasa?

Nyuma_ya_Pazia:
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua vizuri Macbeth, tamthilia ya Shakespeare. Tendo la 1 na la 2, mke ndiye anayemsukuma mume. Tendo la 3 anapambana karamu isiharibike. Tendo la 4 haonekani kabisa. Tendo la 5 huyo anatembea usingizini akisugua mikono, na baada ya muda tunasikia amekufa. Mwigizaji anabaki na shimo katikati, na ugonjwa unaonekana kama umeshuka tu kutoka juu. Mume naye kinyume chake: aliyekuwa akitetemeka anaishia na moyo wa jiwe. Ufa wa mke unaanzia wapi? Na la kiufundi: damu ya mikononi baada ya mfalme Duncan kuuawa inatolewaje haraka?

Bi_Tamthilia:
Shimo hilo si tupu, mkuu. Fungua Tendo la 3, Onyesho la 2. Anamtuma mtumishi akamwite Macbeth, kisha anabaki peke yake kwa mistari minne tu: tumetumia kila kitu na hatujapata kitu, maana tulichokitamani tumekipata na raha hatuna, heri kuwa yule tuliyemwangamiza. Hapo hapo mume anaingia, na yeye anageuka kumkemea: ya nini kukaa na mawazo, lililotendeka limetendeka. Yaani anamtuliza mwenzake kwa maneno ambayo sekunde chache nyuma hakuyaamini mwenyewe. Mwigizaji aoneshe huko kugeuka, uso ubadilike mlango ukifunguka. Hata mkifupisha tamthilia, mistari hiyo minne msiiguse.

Upo ufa wa mapema zaidi, Tendo la 2, Onyesho la 2. Anasema angemuua mfalme mwenyewe, ila mzee alivyolala alifanana na baba yake. Mstari huo hupitiwa mbio kwa sababu eneo zima ni la minong'ono na kushtuka. Mpe pumzi moja baada yake.

La tatu ni kutengwa. Mpango wa kumuua Duncan ulikuwa wa wawili. Wa kumuua Banquo, rafiki wa Macbeth, mume anamficha mkewe: anamwita kipenzi na kumwambia abaki bila kujua mpaka atakapokuja kushangilia. Baada ya karamu, wageni wakishaondoka, mama huyu karibu hana la kusema zaidi ya kumwambia mumewe kwamba anakosa usingizi. Ukimya wake wa Tendo la 4 unaanzia hapo. Asitoke jukwaani akiwa imara.

Mzee_wa_Mazoezi:
Naongezea kuhusu kutembea usingizini. Waongozaji wengi huligeuza onyesho la vilio na nywele timutimu, na hapo ndipo linapokufa. Maneno yake yameandikwa kwa nathari, yaani lugha ya kawaida, si kwa mizani ya ushairi aliyokuwa akiizungumza kabla, na karibu kila sentensi ni kipande cha onyesho lililopita. Anahesabu "moja, mbili": inarudisha kengele ya usiku wa mauaji. Anamgombeza mumewe kwa kushtukashtuka: hiyo ni karamu. Anasikia mlango ukigongwa: ni kule kugongwa kwa lango usiku wa Duncan. Anapomtaja mke wa bwana wa Fife, yaani mke wa Macduff aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, hapo kuna jipya, kwa sababu kifo hicho hakupanga wala hakuwepo, na bado kimeingia kwenye hesabu yake. Mwisho anasema lililotendeka haliwezi kutenduliwa. Linganisha na alichomwambia mumewe Tendo la 3!

Kwa hiyo mwigizaji afanye zoezi hili: kila sentensi aiseme kwanza na mwenzake wa onyesho la asili, kwa sauti ile ile ya siku ile, halafu airudie peke yake. Anaingia na mshumaa, basi apate mahali pa kuuweka mapema, maana mikono yote miwili inahitajika. Daktari na mtumishi wa kike wasimame mbali, wanong'one; wakipaza sauti, mtazamaji anajiuliza kwa nini haamki.

Kijana_wa_Kwanza:
Ila wachawi waliomtabiria ufalme ndio waliomponza Macbeth. Bila wao asingefanya kitu.

Bi_Tamthilia:
Hapana, mdogo wangu. Soma tena Tendo la 1, Onyesho la 3: hakuna mchawi anayemwambia Macbeth aue. Cheo cha bwana wa Cawdor walichomtabiria, Duncan alishakitoa onyesho moja kabla. Picha ya mauaji inatoka kichwani mwa Macbeth mwenyewe, naye inamtisha. Kwenye Onyesho la 7 anaorodhesha kwa nini asiue: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake, tena ni mtawala mwema. Upande wa pili wa mizani anakiri ana tamaa peke yake, inayoruka kupita kiasi. Hatia yake imetangulia kisu. Ndiyo maana siafiki "moyo wa jiwe", mtoa mada: alilipa mapema, na kufika Tendo la 5 kilio cha wanawake hakimshtui tena. Aigize uchovu, si ukatili.

Fundi_Vifaa:
Damu: kikombe 1 cha shira nzito, kijiko 1 cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, kakao kidogo sana ili isiwe ya waridi, na sabuni ya maji kijiko 1 ili itoke nguoni. Yenye sabuni isiguse mdomo wala macho. Ijaribuni kwanza kwenye kipande cha kitambaa cha maleba.

Muda mnao. Bawabu anayekwenda kufungua lango anakula mistari kama 40 kabla Macbeth hajarudi, na kazi yake mojawapo ni hiyo. Beseni 2 za maji ya uvuguvugu nyuma ya pazia, taulo za rangi nyeusi, mtu mmoja kwa kila mwigizaji. Mke ameshamwambia avae joho la kulalia, kwa hiyo liwe na mikono mirefu inayofunika viganja. Damu husahaulika chini ya kucha na kwenye kifundo cha mkono. Jambia ziwe mbili, na mke akizirudisha ndipo naye apakwe, huko huko nje ya jukwaa.

Kwenye kutembea usingizini mikono yake iwe safi kabisa, bila hata doa.