Nichague ipi: tamthilia ya Marge, yaya wa 1997 au opera ya Fry?

MwalimuWaKwaya
Wakuu habari za leo, wakubwa shikamooni. Nina vijana 12 wa kwaya. Jumamosi baada ya mazoezi nataka tuangalie sehemu moja ya katuni ambayo nyimbo zake zimetungiwa hadithi yenyewe, halafu tuichambue. Nimebaki na tatu: "A Streetcar Named Marge" ya The Simpsons (Oktoba 1992), ile ya yaya Shary Bobbins, pia ya The Simpsons (Februari 1997), na "The Devil's Hands Are Idle Playthings" ya Futurama (Agosti 2003). Muda unatosha moja tu. Mnaojua ya nyuma ya pazia, nipeni mwanga.

FundiKinanda
Mwalimu, ya 1992. Hata usisumbuke na nyingine.

Unajua kwa nini watu wanaimba mle? Jeff Martin aliyeiandika alitaka Marge, mama wa familia ya The Simpsons, aigize Blanche, mhusika mkuu wa tamthilia ya Tennessee Williams, A Streetcar Named Desire. Wanasheria wa Fox, kituo cha TV kilichorusha katuni hiyo, wakasema vipande virefu vya tamthilia havitumiki bila idhini ya wenye haki, ila nyimbo mpya ruksa. Basi ikageuka ya kuimba. Martin maneno, Alf Clausen muziki.

Sasa tazama wimbo wa mwisho. Kwenye tamthilia, Blanche akili imeshamruka, daktari amekuja kumchukua, naye anasema siku zote ameishi kwa wema wa watu asiowajua. Ni kauli ya kuliza. Hawa wa Springfield, mji wa kina Marge, wanajipanga mstari na kuiimba kwa vigelegele kama wanamtoa bibi harusi! Kule kwenye viti Homer kainamisha kichwa. Marge anadhani mumewe kachoshwa, kumbe ndiye pekee aliyemwelewa Blanche.

BintiKisauni
Mwalimu usimsikilize huyu ukajikuta unaitwa na wazazi. Wimbo wa ufunguzi unaupaka matope mji wa New Orleans: maharamia, walevi, makahaba, yote yamo. Mkosoaji mmoja wa huko aliipata nakala mapema, akayachapa maneno gazetini kabla sehemu haijarushwa. Mji ukawaka moto. Wiki iliyofuata, ubaoni mwanzoni mwa kipindi, Bart, mtoto wa Marge, akawa anaandika kwamba hataikashifu tena New Orleans. Hiyo ndiyo radhi yenyewe 😂

MzeeWaKanda
Mimi ningeenda na yaya. Mwanzoni walimwazia Julie Andrews mwenyewe, aliyeigiza Mary Poppins, yule yaya wa filamu ambaye Shary Bobbins anamwiga, ila waliposikia Maggie Roswell akiyasoma maneno mezani wakabaki naye. Na ule wimbo wa kusafisha chumba! Mary Poppins aliwafundisha watoto kuifurahia kazi. Huyu anawafunza kulipua: sukumia uchafu chini ya zulia, maliza. Kila kwaya ina watu wa namna hiyo.

Kuna na "All Singing, All Dancing" ya Januari 1998.

BintiKisauni
Mzee wangu, hiyo ni viporo. Karibu nyimbo zote ni vipande vya zamani vilivyopashwa moto. Kizuri pekee ni yule jambazi Snake kuufyatulia risasi muziki wakati majina yanapita mwishoni.

Kinubi_88
Mbona Futurama hamuigusi? Fry anabadilishana mikono na Shetani wa Roboti ili aweze kumtungia opera Leela, binti anayempenda. Shetani anaidai mikono yake, kisha anamfokea Fry kwamba mhusika hatakiwi kutangaza tu anavyojisikia, eti jambo hilo linamtia hasira. Yaani analitenda kosa katika pumzi ileile anayolikemea. Somo la utunzi kwa sentensi moja! Na ilirushwa wakati Fox wameshaitema katuni. Waandishi hawakujua kama itarudi, ndiyo maana ule mwisho unauma.

FundiKinanda
Kinubi hapo umenigusa. Aliyeiandika hiyo ni Ken Keeler, mtu mwenye shahada ya uzamivu ya hisabati. Huyohuyo aliandika maneno ya nyimbo mbili za The Simpsons ambazo yeye na Clausen walichukulia tuzo za TV za Emmy, 1997 na 1998. Cha kuchekesha, nyimbo zile hazikutoka kwenye sehemu hata moja kati ya hizi tunazogombania. Moja ni ya kutetea ukumbi wa wachezaji wanaojivua nguo jukwaani, nyingine ya kituo cha kutibu waraibu. Kwa hiyo Binti, ukitaka maneno safi The Simpsons utatafuta sana.

Kinubi_88
Basi opera imeshinda.

MwalimuWaKwaya
Haijashinda, ila imenipa kazi ya mwezi ujao. Opera inataka mtu awe ameshawajua Fry na Leela, na vijana wangu hawawajui kabisa. Yaya watamwangalia nyumbani, Mzee unisamehe.

Nachukua ya 1992. Ufunguzi nitauruka, BintiKisauni asante. Ila kitu alichosema FundiKinanda kimenikaa: asiyejua Blanche anapelekwa wapi ataona ni wimbo mzuri tu wa kupigia makofi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, nitawasomea kwanza ukurasa wa mwisho wa tamthilia, polepole, kwa Kiswahili. Halafu ndiyo nibonyeze.