Naomba ushauri: mke wangu ameacha kusali tangu tumzike mtoto

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Huu ni mwezi wa nne tangu tumzike mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na miezi 7. Mke wangu alikuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Siku hizi Jumapili anabaki nyumbani, na jumuiya ikija kusali kwetu anaingia chumbani. Kuna waliomwambia kwamba Mungu alimpenda mtoto zaidi. Maneno hayo yalimkata maini, na mimi pia.

Mimi nimeishikilia Zaburi ya 88, kwa sababu inaishia gizani bila shangwe yoyote, lakini bado ni sala. Nawakumbuka pia rafiki zake Ayubu: siku 7, mchana na usiku, walikaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo wakaharibu.

Naogopa kumlazimisha, na naogopa kunyamaza. Mliopitia msiba wa mtoto, nisaidieni: nimsomee Neno usiku hata kama hajibu, au kwanza nimwombee kimyakimya? Mchungaji nimwite nyumbani, au nisubiri mpaka atake mwenyewe?