Kocha wa akili unde kwa masupavaiza wapya: hoteli inataka kusoma wanachoandika, nikubali?

Mwana_Kisauni
Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni mtengenezaji programu hapa Mombasa. Pamoja na mwenzangu aliyewahi kusafisha vyumba hotelini, natengeneza kocha wa akili unde wa kutumika kwenye WhatsApp. Nawalenga waliopandishwa cheo juzi. Jana mtu alikuwa akitandika vitanda na wenzake, leo ndiye anayewapangia zamu, na mafunzo hakupewa.

Supavaiza anaandika au anatuma sauti: "Kesho nataka kumsemesha fulani, achelewa kila Ijumaa, na ni jirani yangu." Programu inamwuliza atakachosema, kisha inajifanya huyo fulani, wanafanya mazoezi kabla hajamkabili mwenyewe. Waliojaribu wamelipenda hilo kuliko mengine yote.

Sasa hoteli iliyo tayari kulipa inataka meneja wa wafanyakazi aone kila kinachoandikwa, na mwisho wa mwezi programu impe kila supavaiza alama. Hoteli nyingine zimeniambia nisubiri Julai, watalii wakirudi, kwa hiyo pesa hizi nazihitaji kweli. Nikubali?

La pili ni Kiswahili. Modeli, yaani akili unde yenyewe inayotunga majibu, inajibu kama taarifa ya habari, na watu wa hapa hawazungumzi hivyo kazini.

Supa_Bamburi
Nikijua bosi asoma, nitaandika "timu yangu iko sawa" na basi. Hamtapata kitu.

Nikwambie kilichonisumbua mimi nilipopanda. Tulioingia kazini pamoja tuko chama kimoja cha kuweka akiba, na mwenyekiti wa chama ndiye ninayepaswa kumrudishia chumba akakisafishe upya. Tena ni mkubwa wangu kwa umri. Nikimkosoa kwenye korido mbele ya wasichana, nimemvunjia heshima, na jioni nitakutana naye kwenye matatu. Nilijifunza kumwita kwenye stoo ya mashuka, nianze na "Mamangu, nisaidie jambo," halafu nitaje chumba na nilichokiona, basi. Bila "wewe kila siku." Programu yenu ikinifundisha kuanza na "Ningependa kukupa mrejesho," atanicheka.

Mambo haya siwezi kuyapeleka ofisini. Nahitaji pa kuyasema.

Wakili_Mvita
Ndugu, mmemsahau mtu wa tatu: yule anayezungumziwa. Supavaiza akiandika "fulani ni mjamzito ndiyo maana achoka," umeshapokea habari za afya za mtu ambaye hajui kama programu yako ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Wafundishe kuandika bila jina, na programu yenyewe ifute majina kabla ujumbe haujatumwa nje ya nchi kwenye seva za modeli. Kuhusu alama, soma kifungu cha 35: mtu ana haki asiamuliwe jambo zito na mtambo peke yake. Leo alama ni "za kujua tu," kesho zitatumika kumnyima mtu cheo.

Jambo jingine kubwa zaidi. Mazungumzo yakifika kwenye kufukuza, programu isimame. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo. Supavaiza mpya akiambiwa "kuwa imara" akamfukuza mtu jikoni, hoteli itajibu mahakamani.

HR_Nyali
Mimi niko upande wa wanaolipa. Siombi kusoma siri za mtu, lakini siwezi kumwambia mkurugenzi "lipa, uamini tu." Nionyeshe vitu ninavyoweza kuvihesabu mwenyewe: wangapi wameacha kazi katika idara hiyo, malalamiko mangapi yamefika mezani kwangu, zamu ngapi zimebadilishwa ghafla. Hivyo tayari ninavyo, sihitaji mazungumzo ya mtu.

Fundi_Tudor
Mlango wa hoteli kumwona supavaiza mmoja mmoja usiwepo kabisa kwenye mfumo. Ukiuacha ukasema umefungwa, kuna siku mteja ataomba ufunguo. Wape mada za jumla tu, tena kundi likiwa kubwa kiasi kwamba mtu hatambuliki.

Chunga pia jambo hili: modeli hizi hupenda kumkubalia anayeuliza. Supavaiza akisema "huyu mvivu," itaandika namna ya kumshughulikia mvivu. Ilazimishe kwanza iulize umeona nini kwa macho yako, na yeye alikwambia nini. Kwenye mazoezi pia mhusika awe mbishi, anyamaze, alete habari ya mtoto mgonjwa. Akikubali haraka, mazoezi hayana faida.

Kiswahili hutakipata kwa kuiambia "ongea kama Mombasa." Kusanya sentensi za watu kama Supa_Bamburi, kwa ridhaa yao na malipo, uziweke kama mifano.

Mzee_Kilindini
Mwanangu, nilikuwa foreman wa genge bandarini. Mtu akija zamu amelewa na anataka kupanda mtambo, hapo hakuna mazoezi wala maswali. Anashushwa, kazi inasimama. Chombo chako kiyajue mambo ya hatari na kiseme wazi.

Na kisimfanye kijana akaacha kuuliza wakubwa. Mimi nilifundishwa na foreman aliyenitangulia, tukiwa tumekaa tunakula. Kila mazungumzo yakiisha, kimwulize: nani hapo kazini umwendee?

Mwana_Kisauni
Shikamoo mzee. Swali hilo naliweka.

Hoteli nitaiambia hapana kwa mazungumzo na alama, niwapelekee vipimo vya HR_Nyali badala yake. Wakikataa, nitangoja Julai. Kufuta majina kabla ya kutuma tunaanza wiki hii, na neno "kufukuza" litasimamisha programu na kumwelekeza mtu ofisini.

Supa_Bamburi, dada, naomba tukae na wewe na wenzako wawili watatu, mniandikie maneno mnayotumia. Kwa malipo.

Supa_Bamburi
Sawa, ila si wikendi, na huyo mwenyekiti wa chama lazima awepo. Yeye ndiye ajuaye kukosolewa kunavyouma.